Bwana Bado na Uwanja wa Mikorosheni

Mtaa wa Mikorosheni,
Palma, Cabo Delgado.
22 Septemba 2013

Mpendwa Kaka Jamaldine,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Kabla ya lolote nauulizia mkono wako wa kushoto. Mwezi uliopita uliniambia unakufa ganzi ukiamka asubuhi, na tangu hapo kila nikisali nautaja huo mkono kwa jina lako kamili usije ukachanganywa na wa mtu mwingine. Na wifi yangu Chamima, presha yake imetulia? Mwambie chumvi aiache kweli, si kwa maneno tu. Na watoto wote hapo Tanga, naomba Mungu awe amewaweka salama.

Sisi huku ni wazima, tunamshukuru Mola. Shemeji yako Carimo anakohoa kidogo, lakini sauti ya kugombana anayo. Mimi magoti ndiyo yameanza kuniuliza umri wangu. Zaidi ya hapo sina la kulalamikia.

Barua hii naipeleka kwa mkono wa Awa, binti wa jirani, anayevuka Ruvuma kwenda harusini Mtwara. Ningeweza kukupigia simu, lakini jambo lenyewe ni la aina ambayo ukisikia nusu na mtandao ukakatika, utabaki na ile nusu mbaya. Uwanja wetu wa mpira nusura uchukuliwe, kaka. Haukuchukuliwa, kwa hiyo vuta pumzi. Ila katika kuuokoa nimesema hadharani jambo linalomhusu marehemu baba yako, na ndilo ninalotaka uniwie radhi. Nitalifikia. Usiruke kurasa.

Halafu pia Sumaia, mwanao, siku ya Idi alinishika kwenye simu akataka nimwandikie habari za klabu yetu tangu mwanzo, anasema shuleni wameambiwa watafute historia ya nyumbani kwao. Basi mengine humu wewe unayajua kuliko mimi, maana ulikuwa winga na mimi nilikuwa nabeba maji. Msomee mtoto.

Mwambie hivi. Mwaka 1976, mwaka mmoja baada ya uhuru, zilikuja habari kwamba kutakuwa na mashindano Mocímboa da Praia, na kila timu iandikishwe ofisini kwanza. Timu tulikuwa nayo. Vijana walikuwa wakicheza kila jioni pale ilipong'olewa mikorosho iliyozeeka, wakijikwaa kwenye visiki. Jina ndilo halikuwepo. Wengine walitaka Simba, wengine Nyota, na wewe, nasikia, ulitaka iitwe Benfica ukanuna siku mbili. Basi akatumwa baba yako, Baba Mkubwa Nfaume, kwa sababu ndiye peke yake aliyesema anajua Kireno. Akarudi na cheti kidogo chenye muhuri kilichoandikwa Clube Bado.

Watu wakashangaa. Akawaambia ndiyo, jina kalichagua mwenyewe, ili kila atakayetufunga ajue kwamba sisi bado. Hakuna aliyekuwa na jina zuri kuliko hilo. Hata wewe uliacha kununa.

Jezi za kwanza alizishona Felismina, yule dada wa Kimakonde, mke wa Eusébio seremala, kwa kitambaa cha magodoro chenye mistari ya bluu. Mkaenda Mocímboa, mkafungwa sita kwa moja. Bao letu hilo moja ulilifunga wewe kwa goti, na mpaka leo wapo wanaosema ulikuwa unaanguka. Lakini mlirudi mnaimba "Bado! Bado!" kiasi kwamba akina mama walitoka na vigelegele wakidhani mmeshinda. Tangu siku ile, timu ikiwa nyuma, huo ndio wimbo wetu.

Vita vilipokuja, watu wakatawanyika. Wewe ulivuka mwaka 1984. Uwanja ukaota nyasi, watu wakapanda mihogo upande wa lango la mashariki. Amani iliporudi, vijana wapya waliing'oa ile mihogo, wakaila, na siku hiyo hiyo wakacheza matumbo yamewajaa. Jambo moja tu halikubadilika tangu enzi zenu: adhana ya alasiri ikiadhiniwa, mpira unasimama pale pale ulipo, Waislamu wanakwenda kusali, na Eusébio anauwekea mguu mmoja juu mpaka warudi. Miaka yote hii hajausogeza hata shubiri moja, hata timu yetu ilipokuwa inapigiwa kona. Timu za kutoka bara zilipomwona mara ya kwanza zilidhani ni adhabu amepewa.

Mimi niliingia klabuni kwa mlango wa beseni. Carimo alipofanywa mwenyekiti mwaka 2001, jezi zilikuja kufuliwa nyumbani kwangu na hazijatoka tena. Nani amecheza na nani amesimama tu, nawajua kwa harufu.

Sasa nije kwenye haya ya siku hizi. Palma ukiletwa leo umefumbwa macho, ukifumbuliwa utasema umepotezwa. Tangu ionekane gesi kule baharini, kila mwenye chumba amepata mpangaji. Magari yanapita na watu wenye vyombo vya miguu mitatu wanapima mpaka njia za kuku. Vijana waliopata kazi kule Afungi, kwenye kambi ya gesi, wanavaa vizibao vya manjano vinavyong'aa hata msikitini, imamu amewaomba wavivue, maana wanaoswali nyuma yao hawaoni vizuri. Furaha ipo, kaka, sitasema uongo. Watoto wanakula. Lakini ardhi nayo imeamka. Mahali ambapo jana ulikuwa unamwaga majivu, leo utamkuta mtu amesimama na karatasi.

Na sisi alitujia wa kwetu. Katikati ya Ramadhani lilibandikwa tangazo la Kireno penye duka la sukari. Mwalimu Edmilson akalisoma mara mbili, akaja nyumbani kwetu baada ya alasiri, hata salamu hakumaliza.

"Mwenyekiti, uwanja una mwenyewe. Ni mali ya warithi wa marehemu Bwana Bado."

Carimo akamwuliza, "Marehemu nani?"

"Bado. Mjukuu wake amejitokeza, anaitwa Amade Bado. Amekubali kampuni moja ijenge hapo nyumba za wafanyakazi."

"Mjukuu wa Bado?"

"Wa Bado."

Tulicheka, kaka. Eusébio alikuwepo, alicheka mpaka akashika ukuta. Akasema huyo mjukuu lazima amezaliwa kabla ya babu yake. Lakini Edmilson alikuwa hacheki. Akatueleza kwamba ofisini kuna faili la zamani, na ndani yake ile fomu nzima ya kuandikisha klabu. Sisi tulichokuwa nacho ni kile cheti kidogo tu. Kwenye fomu, palipo na jina la klabu pameandikwa Bado, na palipo na jina la rais wa klabu pameandikwa Bado vilevile. Maofisa wanaokuja kugawa ardhi ni watu wa kusini, Kiswahili hawakijui. Kwao Bado ni jina la mtu kama jina lingine lolote, mzee aliyeanzisha klabu akaipa jina lake. Mtu mjanja ameliona hilo faili, akajua kuna maiti asiye na mrithi. Na mkutano wa kuamua utakuwa Alhamisi ya mwisho ya mwezi wa nane.

Kicheko kikakatika. Halafu Carimo akasema, "Kama wao wana mjukuu mmoja, sisi tutawatolea watoto kumi. Eusébio, kuanzia leo wewe ni Bado."

"Mimi nimebatizwa Eusébio."

"Basi Eusébio Bado."

Felismina akadakia, "Mimi sikuolewa na Bado. Mimi niliolewa na mvivu anayejulikana mtaa mzima."

Ulikuwa mzaha mwanzoni. Lakini mzaha huo ulizungushwa barazani siku tatu mpaka ukawa mpango. Likakatwa shauri kwamba Carimo mwenyewe atasimama mkutanoni aape kuwa yeye ni mtoto wa Bwana Bado, na wazee wawili wamshuhudie, kwa kuwa mtoto anarithi mbele ya mjukuu. Kila mtu akaona ni akili. Mimi nilikuwa nawamiminia uji wa futari, nikaumwaga kwenye mkeka.

Kaka, mimi nilikuwa najua Bado ni nani. Nilikuwa nalijua kwa miaka minne, peke yangu.

Unakumbuka mwaka 2009 baba yako alipolala, mimi ndiye niliyemwuguza, kwa sababu wewe barua ya kupata likizo ilichelewa ukafika kwenye arobaini. Siku moja asubuhi, nimemaliza kumwosha miguu, akaniambia nifunge mlango. Akaniambia: "Wahida, Kireno sikukijua." Nikadhani homa imepanda. Akasema tena. Alichojua ni salamu, na maneno machache ya sokoni. Lakini alikuwa amejitapa mbele ya vijana, nao wakamtuma, na kurudi nyuma akaona haya. Karani aliyemkuta alikuwa kijana mgeni kutoka kusini, asiyejua neno letu hata moja. Akamwuliza jina la klabu. Neno la "jina" Baba Mkubwa alilielewa, na jina halikuwepo, basi akajibu kwa lugha yake, "Bado." Karani akaandika. Akamwuliza rais. Rais hamkuwa mmechagua. "Bado." Akaandika. Akaonyesha shati lake mwenyewe kwa kidole, kuuliza rangi ya jezi. Kitambaa hakikuwa kimenunuliwa. "Bado." Karani akaandika yote kwa mwandiko mzuri, pamoja na mtaa wetu wa Mikorosheni aliotajiwa wakati wa salamu, akapiga muhuri, akasimama akampa mkono kama mtu anayempa mkono Bwana Bado mwenyewe.

Njiani ndipo alipokiangalia cheti akaelewa yaliyotokea. Akakaa chini ya kichaka mpaka jua lilipopinda, akitafuta la kuwaambia. Na la kuwaambia ndilo lile mlilolisikia na kulipenda.

Alilia, kaka. Mzee yule, uliyemjua wewe. Akasema kila akisikia uwanja mzima unaimba Bado, anafurahi na anaungua kwa wakati mmoja. Akaniomba nimwombee, kisha akasema, "Hili lifie kwako." Nikamwambia limekufa. Ndivyo nilivyomjibu.

Sasa fikiria mimi nimebeba hiyo amana, na mume wangu anajiandaa kuapa kwa jina la Mungu kuwa ni mtoto wa neno. Nikisema kweli, namvua Baba Mkubwa nguo mbele ya mji, na labda fomu yenyewe inakuwa si kitu, uwanja unakwenda. Nikinyamaza, Carimo anabeba kiapo cha uongo mpaka kaburini, na bado haijulikani kama watamwamini. Tazama, nimeliandika hilo neno bila kukusudia. Siku hizi tukilitamka tunaangaliana.

Nilikwenda kwa maalim wetu. Nilimwuliza kama vile ni habari ya mtu mwingine, akanitazama akajua si mtu mwingine. Akaniambia: "Siri ya maiti ni ya kusitiriwa. Lakini hasitiriki kwa haki ya watu kuliwa, wala kwa mtu hai kuapa uongo juu yake. Sema linalotosha, usiongeze chumvi." Nikasali istikhara siku tatu, Mungu anionyeshe njia. Carimo sikumwambia kitu. Hilo nalo ni kosa langu, nalikubali, lakini ningemwambia angenikataza, na akinikataza ningekuwa na makosa mawili.

Alhamisi ikafika. Mkutano ulikuwa kwenye banda la shule, wanaume kwenye madawati, sisi kwenye mikeka. Afisa alikuwa mwanamke, Dona Gracinda, mama mnene mwenye miwani iliyofungwa kamba, sura ya mtu aliyelea watoto wengi. Edmilson alikuwa mkalimani. Na Amade tukamwona: kijana wa miaka kama thelathini, shati jeupe, viatu vinalia akitembea. Kiswahili hajui hata cha kuombea maji. Alisimama akasema babu yake Bado alikuwa mtu mrefu, mpenda mpira, aliyeheshimiwa sana pwani hii. Mikekani tukaanza kujiuma midomo.

Dona Gracinda akauliza kama kuna aliyemjua Bwana Bado. Carimo akainuka, akanyoosha kanzu, akainua mkono wa kulia.

Sijui magoti yangu yalipata wapi nguvu. "Mwenyekiti, kaa," nikasema.

Banda zima likageuka. Miaka ishirini na mitano ya ndoa sijawahi kumwambia mume wangu akae mbele ya watu. Akakaa, kwa mshangao tu nadhani. Nami nikaeleza, kama nilivyokueleza wewe, polepole ili Edmilson afuatilie. Nilimtaja Baba Mkubwa kwa heshima yake yote. Sikusema alilia. Hilo ni lako na langu.

Dona Gracinda akamwuliza Edmilson neno hilo maana yake nini. Akamjibu, "Ainda não." Mama wa watu akavua miwani. Akaniuliza, kwa kupitia Edmilson, mzee aliulizwa mambo mangapi. Nikasema matatu: jina, rais, na rangi ya jezi. Yeye alikuwa ametusomea mawili tu, ya ukurasa wa mbele. Akavaa miwani, akaigeuza ile fomu nyuma. Akapitisha kidole taratibu. Kidole kikasimama. Akasoma kwa sauti: "Cor: Bado," yaani rangi.

Felismina alikuwa ameshasimama juu ya mkeka. "Muulizeni mjukuu, babu yake alikuwa rangi gani!"

Kaka, sijawahi kusikia kicheko kama kile. Watu walianguka kutoka kwenye madawati. Edmilson alipomnong'oneza Dona Gracinda, mama yule alijikaza, akajikaza, kisha akaficha uso nyuma ya faili na mabega yakawa yanamruka. Amade alimvuta Edmilson shati ili atafsiriwe, na alipotafsiriwa akainamisha kichwa, halafu naye akatabasamu kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni. Alisema kwa Kireno kwamba alidhani ni jina la ukoo mzuri. Hakufungwa, hakupigwa. Felismina alimpa sahani ya wali na samaki kwa sababu alisema uongo unachosha, mtu asafiri ameshiba, na jioni akaondoka.

Lakini sitakuficha, kaka. Kicheko hakikuishia kwa Amade. Kilimfikia na baba yako. Nilisikia nyuma yangu mtu akisema, "Kumbe mzee Kireno chake kilikuwa cha salamu!" na wengine wakarudia. Nilisimama pale nikahisi nimemtoa mzee wetu kaburini nikamweka katikati ya banda. Hapo ndipo Eusébio alipoinuka. Unajua si mtu wa maneno. Akavua kofia, akangoja mpaka pakanyamaza. Akasema, "Kireno hakukijua. Na sisi pia hatukukijua. Kati yetu nani alikwenda?" Akakaa. Niliona vichwa vikiinama dawati baada ya dawati.

Dona Gracinda akasema fomu hiyo sasa haionyeshi mwenye ardhi, lakini inaonyesha mwaka na muhuri, na mahali pa uwanja pameandikwa wazi. Kwa sheria, waliokaa na kuitumia ardhi kwa nia njema miaka mingi wanasikilizwa. Akawataka wachezaji wa zamani waliobaki, mmoja mmoja bila kuambiana, wamwonyeshe pembe za uwanja. Wako watano. Wote watano walionyesha pembe zile zile, ingawa mmoja alianza kwanza kubishana na kumbukumbu yake mwenyewe kuhusu kona moja aliyoikosa mwaka 1979.

Wiki mbili baadaye karatasi ikaja. Uwanja ni wa watu wa Mikorosheni. Barabara mpya itatuchukulia kipande nyuma ya lango la mashariki, kwa hiyo goli litasogezwa hatua kumi na mbili. Hilo tumelikubali. Golikipa wetu anasema afadhali, atakuwa na mwendo mfupi wa kwenda kuokota mipira.

Carimo hakunisemesha siku tatu. Hakukasirika kwa mimi kumwambia akae. Alisema nimewavua watu wa klabu hadithi yao, kwamba watu waliishi vizuri na ile ya kujibu kwa ushujaa, na sasa wamebaki na makosa ya karani. Siku ya nne alirudi na pweza mkubwa, akamweka jikoni, akasimama mlangoni, akasema, "Ningeapa, Wahida. Ningeapa kweli." Nikamwambia najua. Tukampika pweza kwa nazi.

Jumapili iliyopita tulicheza na timu ya wapishi wa kambi ya Afungi, watu wanaokula nyama kila siku. Kufika mapumziko walikuwa wametufunga mbili. Wakati kama huo wimbo ungekuwa umeshaanza, lakini watu walikuwa wanatazamana, hakuna anayejua kama unafaa tena. Mara bibi mmoja muuza mihogo akapiga sufuria kwa mwiko, akaita "Bado!" Pakacheka mtu, pakacheka mwingine, kisha uwanja wote ukaitika, na Wallahi ulikuwa mtamu kuliko zamani. Tulifungwa tatu kwa mbili. Adhana ilitukuta tunashambulia.

Sasa nafikia nilipokuwa naenda. Juzi alikuja karani kutuandikisha upya. Alipouliza jina la klabu, tulijibu lile lile, hilo halibadiliki. Alipouliza jina la uwanja, wanaume wazima kumi na wawili walifunga midomo kwa viganja, hakuna aliyethubutu kufungua kinywa asije akateleza. Ni Carimo aliyesema mwishowe. Alisema, "Uwanja wa Mzee Nfaume." Wote wakaitikia.

Mimi nikawaambia wangoje. Karani ameacha mstari ule wazi mpaka mwisho wa mwezi wa kumi. Kwa sababu kaka, jina hilo likiandikwa, kila mtoto atauliza Mzee Nfaume alikuwa nani, na atajibiwa yote, na Kireno na kichaka na rangi ya jezi. Watacheka. Watacheka kwa mapenzi, lakini watacheka, na wewe ndiye mwanawe. Alisema lifie kwangu na mimi sikuliacha life. Sina haki ya kuamua la pili baada ya kuamua la kwanza bila kukuuliza.

Eusébio ameshachonga ubao wa mbao ngumu, ameupiga randa mpaka unateleza, na ameupaka rangi nyeupe. Uko nyumbani kwangu, nimeuegemeza karibu na beseni la jezi. Kila mchezaji anayeleta jezi anauliza umejibu nini. Ukikubali, nitumie neno kwa Awa au kwa simu, na Carimo ataandika herufi siku hiyo hiyo. Ukikataa, ubao utawekwa kwenye lango la mashariki uwe benchi la wazee, na nitawaambia ni mimi niliyekataa. Hakuna atakayekusema. Lakini kwa vyovyote, radhi yako kwa kuvunja amana ya baba yako naiomba kwanza, kabla ya ubao.

Nisalimie wifi Chamima sana. Mpe Sumaia pole ya kusoma mwandiko wangu, na akiandika shuleni asisahau lile bao lako la goti, aseme ulikusudia. Carimo, Eusébio, Felismina na mwalimu Edmilson wote wanakusalimu, na yule bibi wa sufuria anasema anakudai salamu za miaka ishirini na tisa.

Mungu akuponye mkono, akujalie riziki isiyokuaibisha, na amsamehe Baba Mkubwa, amnawirishie kaburi lake na ampe huko aliko lugha ambayo hatahitaji kujitapa anaijua.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye, ninayeisubiri radhi yako,

Wahida